Shokishoki: Historia ya Tunda na Jina Lake

Miongoni mwa matunda yauzwayo katika soko la Darajani, Unguja, liko moja lenye ganda jekundu lililofunikwa na manyoya laini mfano wa miiba isiyochoma. Tunda hilo ni shokishoki, na mti wake ni mshokishoki. Asili yake ni Malaya na visiwa vya Indonesia, ambako huitwa rambutan, jina litokanalo na neno rambut, yaani nywele. Linnaeus naye, alipoupa mti huo jina la Nephelium lappaceum mwaka 1767, alichukua neno la Kilatini lappa, tunda la gugu linasalo nguoni.

Majina ya matunda ya pwani aghalabu huonyesha njia yaliyopitia. Fenesi lina jina la Kihindi. Nanasi lilitoka Amerika ya Kusini likiwa na jina la wenyeji wa huko, likaletwa na Wareno. Duriani limehifadhi jina la Kimalai litokanalo na duri, yaani mwiba. Shokishoki, ingawa nchi yake na ya duriani ni moja, halikuja na jina la kwao. Umbo lake la kukariri hushawishi kudhani kwamba ni neno lililoundwa na Waswahili wenyewe, kama kimulimuli kutokana na kumulika. Lakini pilipili pia lina umbo hilo, nalo ni neno la kigeni. Wala kufuata ngeli ya matunda, shokishoki na mashokishoki, si hoja, kwani chungwa na fenesi hufanya vivyo hivyo. Basi jina peke yake halitoshi kuamua jambo.

Vitabu kadhaa husema kwamba Waarabu ndio walioleta mti huu Unguja na Pemba, baina ya karne ya 13 na ya 15. Kauli hiyo yafaa kupimwa kwa tabia ya mbegu yenyewe. Mbegu ya shokishoki haivumilii kukauka. Ikitolewa katika tunda hupoteza uhai kwa muda wa kama wiki moja, na hata ikihifadhiwa penye unyevu hudumu wiki chache tu. Haiwezi kutiwa guniani pamoja na bidhaa nyingine na kungoja msimu wa pepo. Yamkini, basi, mti ulisafiri ukiwa mche hai unaotiliwa maji na mtu, au ulivuka bahari kwa vituo, ukipandwa na kuzaa mahali pamoja kabla ya kupelekwa pengine. Ndivyo ilivyokuwa kwa karafuu: kutoka Maluku ilipandwa kwanza katika visiwa vya Mauritius na Réunion katika karne ya 18, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Ukulima wake nao wataka subira. Mti uliooteshwa kwa mbegu hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa, na karibu nusu ya miche huweza kuwa madume yasiyozaa kabisa. Kwa hiyo wakulima wengi wa Asia ya Kusini-Mashariki hubebesha miche kwa jicho la mti uliokwisha kujulikana. Mti hupenda mvua nyingi na joto, na tunda halina budi kuchumwa likiwa limeiva, kwani halizidi kuiva baada ya kuchumwa, na manyoya yake hunyauka baada ya siku chache. Mlaji hupasua ganda kwa kucha au meno, akafyonza nyama nyeupe yenye utamu na ukali kidogo, na kokwa akaitupa.

Kokwa hiyo itupwayo ndiyo shahidi ambaye wanahistoria wengi wamemsahau. Mwenye kutafuta habari za mshokishoki hana budi kumwuliza mkulima juu ya mbegu, kabla ya kumwuliza mtunga kamusi juu ya neno.