Chipukizi wa Leeds

Don Revie alipokabidhiwa Leeds United Machi 1961, timu ilikuwa hoi katika daraja la pili la Uingereza. Msimu uliofuata ilimaliza ya 19, ikiponea chupuchupu kushuka daraja kwa kuifunga Newcastle 3-0 ugenini siku ya mwisho. Lakini vipigo vya msimu huo ndivyo vilivyofungua mlango: timu inayoshinda haina sababu ya kumjaribu mtoto. Machi 1962 kipa Tommy Younger aliugua ghafla, naye Gary Sprake, miaka 16, akapakiwa kwenye ndege ndogo hadi Southampton, akarudi amefungwa mabao manne. Hakutupwa. Septemba hiyo Revie alimpanga tena dhidi ya Swansea, pamoja na Paul Reaney, Norman Hunter na Rod Johnson; wakashinda 2-0.

Atakayesema kwamba aliyeiokoa Leeds ni mkongwe Bobby Collins, aliyenunuliwa akiwa na miaka 31, hakosei. Chipukizi peke yao wangezama. Ila Collins alinunua muda tu (na muda, kwa kocha anayefungwa, ni ghali kuliko mchezaji). Leeds ilipotwaa ubingwa mwaka 1969, Collins alikwishaondoka. Sprake, Reaney na Hunter walikuwepo.