Ukienda Kongo, Usicheke Kiswahili Chao

Wasee, wale mnapanga kuzuru Kongo, ile ya Kinshasa, niskizeni kidogo. Mimi nilikuwa kati ya wale wanacheka. Fundi wa vitenge mtaani kwetu ametoka Lubumbashi, na kila akisema "batoto" badala ya "watoto" nilikuwa navunjika mbavu. Siku moja akaweka makasi chini akaniuliza, "Na wewe, kaka, Kiswahili yako ulitoa wapi?" Nikakosa jibu.

Ikabidi nisome. Nchi yenyewe ni kama Kenya nne, zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na Kiswahili ni moja ya lugha zake nne za taifa pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kilifikaje huko ndani? Kwa miguu. Karne ya 19 misafara kutoka Zanzibar ilivuka Ziwa Tanganyika ikitafuta pembe za ndovu na watu wa kuuza. Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, akajijengea utawala Kasongo. Pale Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao waliwafyatulia risasi kina mama sokoni. Livingstone alikuwepo, akaandika alichoona. Kina mama wameenda soko tu, maze.

Halafu 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya huyo huyo Tippu Tip gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Miaka michache baadaye Wabelgiji wakapigana na hao wafanyabiashara, wakawamaliza nguvu. Lugha ikabaki.

Lubumbashi ni hadithi ingine. Mji ulianza 1910 juu ya shaba. Wafanyakazi waliletwa migodini kutoka kila upande, kila mtu na lugha ya kwao, na Kiswahili kikawa cha kazi. Hiyo "ba" niliyokuwa nacheka ni ya Kiluba na Kibemba, lugha za kwao. Si makosa. Ni kama vile sisi tunasema "Kiswahili yangu" na hatujashtakiwa.

Sasa safari. Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, iko mikononi mwa M23 tangu Januari 2025, so hiyo iwekeni kando kwanza. Kisangani muwaone wavuvi Wagenia, wanasimika miti mikubwa katikati ya maporomoko ya mto na kuning'iniza mitego ya vikapu. Lubumbashi nayo, karibu na hapo ndipo Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Familia yake ilingoja hadi 2022 ndio Ubelgiji irudishe jino lake moja. Jino. Na sisi tunashuka matatu Lumumba Drive kila siku, Roysambu, tukiwaza chapo.

Juzi nilimpelekea fundi shati. Akaniuliza, "Batoto ba kwenu bazima?" Nikajibu, "Bazima kabisa." Akacheka yeye.