Uzito wa Hewa, Uzito wa Msitu

Fahirisi ya mazingira hukusanya mambo yasiyofanana, kama hewa, maji, misitu na taka, ikayageuza kuwa alama moja. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Yale na Columbia nchini Marekani walikuwa miongoni mwa waliojaribu kuzipima nchi za dunia kwa njia hiyo. Fahirisi yao ya mwaka 2005 ilipima nchi 146, na Finland ikaongoza. Lakini ilichanganya neema za asili na juhudi za serikali, hivyo nchi yenye misitu mingi na watu wachache ilianza mbio ikiwa mbele. Mwaka uliofuata walitoa nyingine, iliyopima jinsi nchi zinavyoyakaribia malengo ya sera; New Zealand ikashika nafasi ya kwanza. Kilichobadilika zaidi si mazingira, ni kipimo.

Historia hiyo inaonyesha kwamba uzito wa kila kiashiria ni uamuzi wa watu, si tunda la hesabu pekee. Mwaka 2022 India, iliyowekwa ya mwisho kati ya nchi 180, iliikataa fahirisi hiyo ya pili, ikisema utoaji wa gesi joto kwa kila mtu ulipewa uzito mdogo mno. Wapo wanaosema basi fahirisi zitupwe. Sikubaliani nao: bila alama inayoeleweka upesi, ripoti nene hubaki kabatini na kiongozi haulizwi kitu. Dawa ni uwazi. Kila uzito utangazwe na kutetewa hadharani, na alama za hewa na maji zichapishwe kando ya jumla, ili wastani mzuri usifiche mto uliokufa.