Nasaba ya Wakilindi: Kutoka Nguu hadi Mazinde

Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, lakini jina lake ni kongwe. Zaidi ya karne mbili zilizopita lilikwisha kuvuka Mto Pangani, likapanda milima ya Usambara na kuwa jina la ukoo uliowatawala Wasambaa. Anayetaka kuufuata ukoo huo aanzie huku Handeni ya zamani, kwenye milima ya Nguu, na akifika Korogwe asiipite Mazinde.

Mkuu wa nasaba ni Mbegha, mwindaji wa Nguu. Masimulizi yanasema alitangulia kuota meno ya juu, na mtoto wa namna hiyo, kigego, hakuachwa hai. Wazazi wake walimficha. Walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi kwa kisa hicho hicho. Akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko. Siku moja mawindoni, nguruwe akamuua yule kijana, na Mbegha akakimbia na mbwa wake kabla hajadaiwa damu. Alipitia Zirai, akafika Bumbuli, mwisho Vugha. Wasambaa walimpokea kwa kuwa aliwaua nguruwe waliomaliza mashamba yao, na nyama akawagawia. Wakampa chakula, wakampa mke, wakampa enzi.

Ndiyo kusema, nasaba hii ya wafalme inaanza na mtu aliyekataliwa na ukoo wake. Mtu wa aina hiyo hupata watu kwa kuoa. Mwanawe Bughe alilelewa Bumbuli kwa wajomba zake, na Mbegha alipokufa, msiba ulifichwa mpaka Bughe alipoletwa Vugha kuketi mahali pa baba yake. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi: mfalme anaoa katika kila nchi iliyo chini yake, na mtoto wa kiume anapelekwa kuwa zumbe, yaani mtawala wa nchi hiyo, kwa wajomba zake. Wajomba wanamtii kwa kuwa ni damu yao, naye anamtii baba yake kwa kuwa baba ndiye anayemweka na kumwondoa.

Mpango huo ulifika kileleni wakati wa Kimweri ya Nyumbai, mwana wa Shebughe. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimkuta Vugha mwaka 1848, akarudi tena 1852. Richard Burton na John Speke wakafika 1857. Watoto wa Kimweri walitawala milimani, Bondei na bondeni, na hata madiwani wa pwani kati ya Tanga na Pangani walihitaji kibali chake pamoja na cha Sultani wa Unguja.

Kimweri alifariki mwaka 1862 akiwa mzee sana, na hapo nasaba ikageuka mtego. Mnkande, mwana aliyetazamiwa kurithi, alikuwa amemtangulia baba yake kaburini. Enzi ikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, mwana wa Mnkande. Kwa desturi mfalme mpya aliweka wanawe mahali pa ndugu zake, lakini Shekulwavu alikuwa kijana asiye na watoto wa kutosha kuwaweka popote. Kila alipotazama, zumbe alikuwa ni baba yake mdogo au mkubwa, mtu mzima, mwenye wajomba wake nyuma yake.

Mmoja wa hao alikuwa Semboja wa Mazinde. Yeye hakujali kukaa Vugha. Mji wake ulikuwa bondeni, kwenye njia ya misafara, mahali ambapo pembe za ndovu na watumwa viligeuzwa kuwa bunduki na baruti. Kabla ya miaka ya 1860 kwisha alimfukuza Shekulwavu, akamweka Vugha mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde na biashara yake. Wabondei nao waliinuka dhidi ya Wakilindi katika vita vya Kiva. Nchi iliyofungwa kwa ndoa ikachanwa na watoto wa ndoa hizo hizo, na waliolipa ni wakulima waliotekwa na kuuzwa pwani.

Wajerumani walipoingia, walikuta matawi mawili yanayochukiana, wakayatumia. Mwaka 1895 Semboja alifariki. Mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyekuwa Vugha baada ya Kimweri Maguvu, walimnyonga, na enzi wakamrudishia Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Baadaye Kinyashi aliachia madaraka akihofia maisha yake. Waingereza walimrudisha katika miaka ya 1920, na akajiuzulu tena. Uchifu wenyewe ulifutwa mara baada ya uhuru.

Tunayajua mengi ya haya kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyeandika kitabu cha Habari za Wakilindi. Sehemu zake zilichapwa na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907, na J. W. T. Allen akakitoa upya mwaka 1962. Ni hazina ya nathari ya Kiswahili. Lakini mwandishi aliwahi kuwa karani wa Semboja, kwa hiyo tunasoma habari za ukoo kutoka kwa mtu aliyekula chumvi ya tawi moja. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewahoji wazee wa Usambara katika miaka ya 1960, alionyesha kuwa kila mji una Mbegha wake kulingana na haki unayoidai.

Basi wewe wa Handeni au Korogwe unayetaka kuandika mti wa ukoo wako, usiishie kwenye safu ya majina ya wanaume. Mwulize kila mzee mambo matatu: mama wa huyu alitoka wapi, alilelewa kwa nani, na aliyekusimulia alikuwa upande gani. Bila majibu hayo, hata vita vya Wakilindi visingeeleweka.