Kibla cha Manah na Kuta za Kanisa

Aliyezaliwa Unguja akaja kuishi Manah hulitambua jambo moja tangu sala ya kwanza: kule alielekea kaskazini, huku anaelekea magharibi. Makka ni ile ile. Aliyehama ni yeye. Kwa kipimo hicho cha kibla twaweza pia kuyasoma majengo.

Tuanze mbali. Ayasofya ya Istanbul ilikamilika mwaka 537, kanisa la Wabizanti lililojengwa kwa amri ya mfalme Justinian. Mwaka 1453 Sultan Mehmed II aliuteka mji, na kanisa likawa msikiti. Kuba na nguzo zilibaki, minara ikaongezwa. Lakini kanisa halikujengwa kuelekea Makka, hivyo mihrabu iliwekwa pembeni kidogo, upande wa kusini, na safu za wanaosali zikapita mshazari. Jengo halikuificha asili yake.

Manah ni kinyume chake. Katika Harat al-Bilad, mji wa kale wa matofali ya udongo, jengo la msikiti lilifuata kibla tangu msingi. Mihrabu zake za karne ya 16 zimenakshiwa kwa lipu iliyochongwa, zikabeba shahada, majina na miaka ya Hijria, pamoja na bakuli za kaure za China. Bakuli kama hizo wazee wetu walizijua pwani: zilipachikwa katika msikiti mkuu wa Gedi na katika makaburi ya Kunduchi. Bahari moja ilizileta kote.

Na jengo lililobadilishwa tunalo nyumbani. Baada ya Wareno kushindwa Mombasa mwaka 1698, Waomani walijenga Ngome Kongwe ya Unguja palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki yake yakaingia ndani ya kuta. Wengi wetu tulicheza pale utotoni bila kuambiwa. Tukimtaja Mwomani tu, tumemfuta Mreno. Na anayemtaja Mreno tu hutufuta sisi. Tunaodai historia yetu isifutwe hatuna haki ya kufuta ya wengine.

Leo nyumba za Harat al-Bilad zimehamwa, nasi tumetawanyika. Fundi wa Manah aliandika mwaka kwenye mihrabu, asiachie mjukuu kubahatisha. Nasi tuandike nyuma ya picha zetu: nani, wapi, mwaka gani.