Gome la mkoko: dawa ya kidonda iliyogeuka dawa ya ngozi

Kama umewahi kula bibo la korosho, unajua ukakasi ni nini. Ulimi unakauka, mashavu yanajivuta ndani. Kinacholeta hali hiyo ni tanini, na magome ya mikoko ya Moa, Mtimbwani na Pangani yamejaa tanini.

Watu wa pwani waliijua kazi yake zamani. Walitia nyavu rangi kwa gome la mkoko, na gome hilo hilo lilikuwa dawa ya kukausha kidonda na kuzuia damu. Si uchawi. Tanini hushikana na protini, nyama ya juu ya jeraha hukaza, vimishipa vidogo hujibana.

Wadachi walipotawala, waliyapakia magome melini kwenda Ujerumani kutengenezea ngozi. Kanuni ni ile ile: kinachokaza kidonda ndicho kinachokaza ngozi ya ng'ombe isioze.

Kisha vikaja vita. Novemba 1914 Waingereza walitua Tanga wakashindwa kuuteka mji, lakini manowari zao zikafunga bahari. Dawa na viatu vikawa adimu. Ngozi za viatu vya askari zikatengenezwa kwa gome la mikoko. Huko Usambara, taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa 1902, ikatengeneza kwinini kwa gome la mkwinini, mti wa asili ya Amerika Kusini.

Hapo ndipo panaponiuma. Gome la kigeni lilipewa maabara, letu likahesabiwa kama mzigo wa bandarini. Waliolijua kama dawa walikuwa wavuvi, wakunga na mangariba, na elimu yao ilikaa kichwani.

Simwambii mtu akachune mikoko. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina hufa, na gome halizuii pepopunda. Ukikatwa vibaya, bana jeraha kwa kitambaa safi, kimbilia hospitali.

Ninachodai ni kumbukumbu. Miaka ya 1990 madaktari wa Tanga walikaa meza moja na waganga wa jadi kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya tiba asili. Kwa hiyo inawezekana. Sisi wenye kalamu tunangoja nini kwenda kukaa na wazee wa Pangani na daftari mkononi? Au mpaka waje tena wageni watuandikie?