Sabuni na Jasho la Mkulima

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu mengi yamenenwa juu ya kahawa. Sisi twapenda kuongeza machache juu ya sabuni, kwani historia yake ina fundisho kwa kila mwenye kuuza mazao.

Sabuni huzaliwa na vitu viwili: mafuta na magadi. Karagwe haikukosa asili yake. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, nchi ilikuwa na ng'ombe wengi, na samli ilikuwa mafuta ya kujipaka. Migomba nayo ilikuwapo, na majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi. Kisha sotoka ya miaka ya 1890 ikateketeza ng'ombe.

Siri yenyewe ilielezwa na mtaalamu wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, katika kitabu cha mwaka 1823. Mafuta ni asidi zilizofungamana na gliserini. Magadi makali huifungua gliserini, yakaungana na asidi hizo, na chumvi ipatikanayo ndiyo sabuni. Kilo moja ya mawese huhitaji gramu 140 hivi tu za soda kali iitwayo kostiki. Basi sehemu kubwa ya mche wa sabuni hutoka shambani.

Wenye viwanda walilijua jambo hilo. Mwaka 1911 William Lever alipewa na serikali ya Ubelgiji ardhi kubwa huko Kongo kwa ajili ya mawese. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipopungukiwa na mafuta, ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika mwaka 1947, ikikusudia mamilioni ya ekari. Mashine nyingi zililetwa Kongwa, lakini ardhi ngumu na ukame havikutii amri, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Nasi tulionja uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, taifa lilipungukiwa fedha za kigeni. Mapema miaka ya 1980 mkulima aliweza kushika fedha za kahawa asiuone mche wa sabuni dukani.

Hapana budi tujifunze. Auzaye mbegu na kununua sabuni hulipia jasho lake mwenyewe. Basi tukusanyapo karanga au alizeti, tuulize pia mafuta yake yatakamuliwa wapi, na faida yake itakuwa ya nani. Debe la mtu mmoja haliwashi mtambo. Madebe ya wanachama wote huuwasha.